Majambazi Niliowavalisha Midrand

Vijana wangu, kila anayekuja kwangu hapa Joubert Park kujifunza kushona nguo za maigizo huwa amekwisha kuisikia habari ile mahali fulani. Kabla hata hajaweka mkoba chini, anauliza: "Bi Rehema, ni kweli ulisimama mbele ya bunduki na pini mdomoni?"

Ni kweli. Ila mnavyoisimulia huko nje sivyo ilivyokuwa. Nimemsikia mmoja akisema nilimnyang'anya mlinzi silaha. Mwingine anasema benki ilivunjwa kweli na mimi nikapata mgawo wangu. Sasa nimestaafu, tundu la sindano silioni tena bila kuisogeza dirishani, na muda ninao. Kaeni, niwasimulie mwenyewe. Nikichanganya mambo mnivumilie, maana hata siku yenyewe nusu ya yaliyotokea sikuyaelewa.

Kwanza muielewe kazi. Mimi nilitoka Tanga nikiwa fundi wa magauni ya harusi. Nilipofika Johannesburg nikapata kibarua kwenye karakana moja pale Doornfontein, juu ya fundi viatu, ngazi nyembamba na harufu ya gundi mpaka kwenye nywele. Mwenye karakana alikuwa mama wa Kizulu tuliyemwita Mam' Dudu. Mwili mkubwa, sauti ndogo, jicho kali. Alishona nguo za michezo ya kuigiza na filamu. Siku ya kwanza alinipa shati nilitie kola. Nikaitia kama ninavyomtilia bwana harusi, mishono midogo, imenyooka. Akaigeuza kwenye mwanga, akatikisa kichwa kwa kuridhika, kisha akachukua mkasi akaifumua yote.

"Ni nzuri sana," akasema. "Sasa niambie, mtu akivaa hii, ataivua kwa muda gani?"

Sikulielewa swali. Katika magauni ya harusi shida yangu ilikuwa kumvalisha mtu. Kuvuliwa kwake halikuwa jambo la fundi.

Mam' Dudu akanifundisha upya, kama mtu asiyewahi kushika uzi. Vifungo vya mbele vishonee juu tu, kwa macho. Chini yake weka velkro, ili mwigizaji avuliwe kwa mvuto mmoja na mwingine avalishwe haraka. Suruali mpya isugue magoti kwa tofali, uiloweke kwenye chai ya rangi, uianike imekunjamana. Mtu akitakiwa awe mnene, usimtilie matambara, atatoka vinundu kama gunia la viazi. Chukua sponji ya godoro, uichonge taratibu kwa kisu cha mkate, uifunge kwa mikanda begani na kiunoni. Tumbo la uongo likikosa mikanda ya begani litateremka mpaka magotini. Hili la mikanda mlishike vizuri.

Na sheria yake kubwa ilikuwa moja: hakuna anayekula akiwa na nguo ya kazi. Chakula kikifika, vua, tundika, vaa zako, ndipo ukale. Tomato sosi haina adabu. Niliishika sheria hiyo miaka yote, na siilaumu, ingawa ndiyo iliyotuingiza kwenye balaa la Midrand.

Wakati huo Mam' Dudu alikuwa amekwisha kurudi kwao Natal kupumzika, na mimi ndiye niliyekuwa mkuu wa mavazi, kama mnavyoita siku hizi. Akaja mwongozaji mmoja, Bwana Henk, mtu mrefu mwenye pua iliyobabuka na jua, anayeongea kwa mikono kuliko kwa mdomo. Alitaka filamu ya kuchekesha ya wapanda farasi wa Marekani ya zamani. Mnazijua zile: kofia pana, mabuti, bastola kiunoni, mji wa vumbi wenye barabara moja na benki moja. Walijenga mji huo kwa mbao kwenye uwanda wa nyasi kavu kule Midrand, nyuma ya maghala ya mizigo. Mbele palikuwa na benki, baa na kituo cha sherifu. Ukizunguka nyuma hakuna kitu, magongo tu yameegemeza mbao zisianguke, na choo cha plastiki.

Hadithi, kama nilivyoelezwa siku ya kwanza, ilikuwa nyepesi. Kuna kundi la Wekundu na kundi la Bluu, kila moja na kitambaa chake shingoni. Yote mawili yanataka kuvunja benki ile ile siku ile ile, na hakuna linalojua kuhusu lingine. Nikasema hapa hakuna kazi, vitambaa vyekundu, vitambaa vya bluu, basi.

Siku ya pili Bwana Henk akabadili. Bluu wamegundua mpango wa Wekundu, kwa hiyo watawaacha wavunje halafu wawaibie njiani. Siku iliyofuata, Wekundu wamegundua kwamba Bluu wamegundua, kwa hiyo watavaa vitambaa vya bluu ili wajipenyeze. Na Bluu, nao, kuna wawili wamevaa vyekundu kwa upelelezi. Nikamuuliza Bwana Henk, "Sasa yule pale mwenye kitambaa cha bluu juu na chekundu chini yake, ni nani?"

Akamtazama kwa muda mrefu. "Eish," akasema. "Swali zuri, Mama." Akaondoka.

Hapo ndipo nilipopotea, na sikujiokota tena mpaka filamu ilipokwisha. Zamani kwa Mam' Dudu tulikuwa tukimchora kila mwigizaji kwa penseli, kofia imeelekea wapi, mkono upi umekunjwa. Nilipofika Midrand nilikuwa napiga picha kwa simu. Nilikuwa na picha nyingi mno, na kila nilipozitazama nilizidi kuchanganyikiwa, maana mtu mmoja yumo kwenye makundi yote mawili.

Lipo jambo jingine lililokoroga mambo. Bwana Henk alitaka majambazi wazungumze lugha ambayo watazamaji wake hawaijui, halafu yeye aandike maneno ya kuchekesha chini ya picha. Akachukua watu wetu wa hapa mjini. Wekundu wakawa Watanzania, wakiongozwa na Shabani, kijana wa Temeke aliyekuwa akiuza mikanda na pochi karibu na Park Station, mwembamba kama rula. Bluu wakawa Wakongo, kiongozi wao Fiston, msusi, fundi wa nywele asiyekubali kuvaa kofia mpaka umbembeleze. Bwana Henk akawaambia, "Semeni Kiswahili, semeni lolote, mradi muwe mnapanga kuvunja benki."

Wale vijana waliichukua kazi kwa moyo wote kuliko alivyowaomba. Hawakutaka kusema lolote tu. Walitaka mpango uwe na akili. Kila wakati wa chakula walikuwa wakibishana: nani ataingia kwanza, mlinzi atafungwa vipi, wataondokea wapi. Na kwa sababu ya sheria yangu walikuwa wakibishana wakiwa wamevaa jaketi na raba zao za kawaida, kwenye meza za nje za duka la chipsi, ng'ambo ya barabara. Na jirani na duka hilo la chipsi, vijana wangu, palikuwa na benki. Ya kweli.

Haya ninayowaambia sasa nilikuja kuyajua baadaye, kutoka kwa mtu mwenyewe. Kwenye yale maghala kulikuwa na mlinzi, Papa Kasongo, Mkongo wa Lubumbashi, mtu wa makamo, shati limepigwa pasi hata kwenye makwapa. Alikuwa akinunua chipsi pale pale. Mwenye kiwanja chetu alikuwa na habari za filamu, lakini walinzi wa maghala hakuna aliyewaambia kitu. Mji wetu wa mbao ulikuwa nyuma ya ukuta mrefu, kwa hiyo Papa Kasongo hakuwahi kuuona. Akaketi na chipsi zake, akasikia Kiswahili, akafurahi kusikia lugha ya nyumbani. Kisha akasikiliza wanachosema.

"Wakifungua tu mlango, tunaingia," Shabani alikuwa akiwaambia wenzake. "Karani akipiga kelele, gunia kichwani."

"Na baruti?"

"Baruti anayo mzee. Farasi tunawaacha nyuma, mmoja abaki nao."

Papa Kasongo akaacha kutafuna. Farasi, akajisemea, hayo ni magari yao, wameyapa jina la siri.

Kwenye meza ya pili walikuwa Wakongo, watu wa kwao kabisa, na Fiston akawa anasema kwa Kiswahili cha kule: "Sisi tunabaacha baingie. Bakitoka na mifuko, tunabakamata ku njia."

Yule mzee wa watu aliniambia jasho lilimtoka na kipupwe kile cha Midrand. Makundi mawili! Majambazi wanaotaka kuiba, na majambazi wanaotaka kuwaibia majambazi, wote wanakula chipsi pamoja bila kujuana. Alitaka kuhakikisha kabla hajamsumbua mkubwa wake, basi akamsogelea Shabani kwa upole, akamuuliza, "Ndugu, miye ninasikia mambo yenu. Hii yote ni ya nini?"

Shabani alidhani ameulizwa lafudhi yake ni ya wapi. Akatabasamu, akajibu, "Bongo!"

Lazima niwaeleze hapa msije mkapotea kama mimi. Kwetu sisi Bongo ni Dar, au nchi yetu yote. Kwa Papa Kasongo na watu wa kwao, bongo ni uongo. Kwa hiyo yeye alisikia kijana akimwambia usoni, akicheka, kwamba ni uongo mtupu, kama jambazi anayekana kwa dharau. Akarudi kazini na maelezo kamili.

Asubuhi iliyofuata ilikuwa ndiyo siku ya kupiga picha za kuvunja benki. Baridi kali, nyasi nyeupe kwa umande ulioganda, farasi wanapumua moshi. Na Bwana Henk alikuwa amebadili tena. Jana yake mchana alinijia na kuniambia kiongozi wa Wekundu awe mnene, kwa sababu atakwama kwenye dirisha la benki. Shabani, rula ile, awe mnene! Nikamtengenezea tumbo la sponji kubwa sana, lakini mikanda ya begani niliyokuwa nayo ilikuwa mifupi. Nikaunganisha kwa pini nikiamini litakaa.

Halikukaa. Shabani alipopanda ngazi za benki, tumbo likateremka. Nikakimbia kati ya uwanja, pini mdomoni, kanga kiunoni, futi shingoni. Bwana Henk alikuwa ndani ya hema jeusi mbali kidogo, anatazama kwenye kioo kile kinachoonyesha picha ya kamera. Mle ndani huoni kitu kingine chochote, unaona kile kamera inachokiona tu. Akatoa sauti kwenye kipaza, "Mama, fanya haraka, kamera inakwenda."

Basi mimi nikawa nimepiga goti mbele ya Shabani, ninalisukuma tumbo juu. Wekundu wako nyuma ya mapipa upande wa kulia, wana vitambaa vya bluu. Bluu wako upande wa baa, wawili wana vyekundu. Wote wana bastola za mpira mikononi.

Bakkie nyeupe, pikapu kama tunavyoziita kwetu, ikaja kwa kasi kupitia pengo la ukuta ambalo walinzi waliwaona vijana wetu wakiingilia, ikasimama nyuma ya kamera. Wakaruka watu watatu na bunduki. Aliyekuwa mbele, ndiye huyo Papa Kasongo, akapiga kelele: "Musitembee! Mikono juu!"

Sasa jiwekeni kwenye nafasi ya wale vijana. Kila siku hadithi imebadilika bila mtu kuwaambia. Fiston akawatazama wale watatu, akaona hilo ni kundi la tatu, Bwana Henk ameliongeza asubuhi hii. Na Fiston alikuwa mwigizaji wa kujituma. Akatema mate pembeni, akapanua miguu, akamwelekezea Papa Kasongo bastola yake.

"Hata nyinyi munataka benki?" akanguruma. "Mumechelewa!"

Kutoka hemani ikaja sauti ya Bwana Henk, ana furaha kama mtoto: "Vizuri sana! Endeleeni!"

Mimi nilikuwa bado chini, nimegeuza kichwa. Nikakitazama kizibao cha yule mtu. Kilikuwa kimelegea begani upande mmoja kwa uzito wa kitu halisi kilichokuwemo. Nikatazama mabuti. Visigino vimelika kwa nje, kama vinavyolika vya mtu anayesimama siku nzima getini. Hakuna tofali wala chai inayoweza kufanya vile. Kila nguo iliyokuwa kwenye uwanja ule ilipita mikononi mwangu, hata soksi. Hizi sikuzijua. Wala sikuzishona mimi, na wala sikuzichakaza mimi.

Nikajua kwamba zile bunduki ni za kweli.

Mnaniuliza niliogopa? Nilitaka kupiga kelele na mdomo umejaa pini. Nikazitema, nyingine zikanichoma ulimi, nikasema, "Msipige! Ni mchezo! Tunacheza filamu!"

"Bongo!" akajibu Papa Kasongo, na bunduki haikutikisika.

Shabani akasikia nyumbani kwao kumetajwa. Akainua mikono yote miwili, bastola ya mpira ikiwa bado mkononi, akapiga kelele kwa matumaini, "Ndiyo! Ndiyo, mzee! Bongo! Sisi wote hapa Bongo!"

"Ona!" Papa Kasongo akawaambia wenzake. "Anakubali!"

Mmoja wa wale walinzi akapiga hatua upande, akamlenga Fiston. Fiston mwenyewe bado anatabasamu vibaya, bado anangoja zamu yake ya kusema. Sikujua nimfuate nani. Nikimkimbilia Fiston, nitamwacha Shabani na ile mikono yake juu. Nikimkimbilia mlinzi, pengine atanipiga mimi. Wallahi sikuwa na mpango. Watu husema nilifikiri haraka, lakini mimi sikufikiri kitu. Mikono ilifanya kile ilichofundishwa kufanya mtu anapokuwa kwenye hatari ndani ya nguo: ilimvua.

Nilisimama mbele ya Shabani, nikashika shati lake kwa kola, nikavuta.

Velkro ikalia, krrraa! Walinzi wakashtuka wote, na hapo nilifumba macho nikasoma shahada. Nilipofumbua, Shabani alikuwa kifua wazi, mbavu zote zinahesabika, anatetemeka kwa baridi. Na tumbo lilikuwa limeanguka. Lilidunda mara moja kwenye ngazi ya benki, likabingirika mavumbini polepole, likasimama katikati yetu na walinzi, mikanda yake inaning'inia.

Farasi mmoja akapiga chafya.

Papa Kasongo akalitazama lile tumbo. Akamtazama Shabani. Akalitazama tumbo tena.

"Mama," akasema, sauti imeshuka. "Ile ni nini?"

"Sponji, Papa. Sponji ya godoro. Nimemshonea jana."

"Juu ya nini?"

"Awe mnene. Akwame dirishani."

"Juu ya nini akwame?"

Nikasema, "Papa, na mimi sijui. Hakuna hata mmoja wetu anayejua. Bosi anabadilisha kila siku."

Sijui ni lipi katika hayo lililomfikia. Nadhani ni lile la bosi. Akasogea hatua moja, akalikanyaga tumbo kwa buti lake. Likabonyea. Akainua mguu. Likajaa tena, mviringo, safi. Akaliangalia lilivyojaa, kisha akateremsha bunduki mpaka mdomo wake ukaelekea chini, akawaambia wenzake kwa Kizulu waweke zao chini. Fiston hapo ndipo alipoelewa. Bastola ya mpira ikamponyoka, akakaa chini mavumbini, mtu mzima, akalia kwa sauti.

Bwana Henk akatoka hemani anapiga makofi. Akaona bakkie, akaona walinzi, makofi yakapungua, yakaisha. Akanigeukia mimi. "Mama, hawa ni wa kundi gani?"

Nilikuwa nimemwona Papa Kasongo akienda kukaa kwenye bampa la gari, akihangaika na ukanda wa kofia bila kuufungua. Nikamfungulia mimi. Nikammiminia chai ya tangawizi kutoka kwenye chupa yangu, nikakishika kikombe mpaka alipoweza kukishika mwenyewe. Akanisimulia yote, chipsi na farasi na baruti. Kisha akasema kitu ambacho watu wanaoisimulia habari hii hawakisemi, kwa sababu hawakuwepo.

"Mama, ule kijana mwembamba, nilikuwa nimekwisha kumuchagua. Kidole kilikuwa kimeanza. Tangu nizaliwe sijaua mutu. Kidole kilikuwa kimeanza."

Shabani alikuwa amesimama karibu, amejifunika blanketi la farasi. Alisikia. Akaja akakaa upande wa pili wa Papa Kasongo kwenye lile bampa, wakabanana, akapokea kikombe akanywa aliyobakiza yule mzee. Mimi nikaenda kuokota pini, maana farasi akikanyaga pini ni kesi nyingine.

Tangu siku hiyo sikuwahi kuanza kazi kabla ya kwenda mwenyewe kwa kila mlinzi wa jirani, mlango kwa mlango, kujitambulisha na kueleza tunachofanya. Si kazi ya fundi mavazi, mtaambiwa. Ifanyeni hivyo hivyo. Na bastola za maigizo, hata za mpira, zikusanyeni kila mapumziko na mzifungie. Mtu akizishika muda mrefu mkono unasahau kwamba ni za mpira.

Papa Kasongo hakufukuzwa kazi, alihamishiwa geti jingine tu. Jumapili moja akanipigia simu, akaja hapa Joubert Park na suruali yake ya kupunguza urefu. Baada ya hapo akawa anakuja mara kwa mara, wakati mwingine bila suruali yoyote ya kupunguza, akae tu anitazame nikishona. Lile la kidole alilirudia kila alipokuja. Wakati mwingine aliliacha katikati. Usingizi ulikuwa umempotea. Mjukuu wangu, anayejibu Kiswahili kwa Kiingereza, akawa anamwita babu wa Lubumbashi.

Filamu ilipokamilika Bwana Henk akatualika kwenye ukumbi mmoja mdogo hapa mjini. Nikamchukua Papa Kasongo. Hakutaka. Alivaa suti ya kahawia, akaketi pembeni yangu mgongo wima kama mtu aliye hospitali. Taa zikazimwa.

Sitawadanganya, sikuielewa filamu ile. Shabani na Fiston wanasema hili kwa Kiswahili, maandishi chini yanasema lile kwa Kiingereza, watu wanacheka pale ambapo vijana wetu wanajadili jambo la maana, na wananyamaza pale penye mzaha. Mtu mwenye vitambaa viwili alimpiga ngumi mtu mwenye vitambaa viwili, ukumbi ukashangilia, nami sikujua nimwonee nani huruma.

Kisha nikajiona. Nimepiga goti kwenye ngazi za benki, kanga kiunoni. Kamera haikuwa imezimwa. Walikuwa wameweka yote: Fiston anatema mate, Shabani na mikono juu, mimi na macho yametoka natema pini. Uso wangu ulijaa ukuta mzima. Sikujua kama nina uso wa namna ile. Na watu walicheka, vijana wangu. Walicheka wakashika mbavu, mwanamke mbele yangu alikuwa anafuta machozi. Sikuwalaumu. Hawakuwa wanajua tulikuwa tunatazama nini.

Papa Kasongo akanishika kiganja. Mkono wake ulikuwa baridi. Tulikuwa wawili tu katika safu ile tuliojua kinachofuata, kwamba kamera sasa itageuka na kutuonyesha aliyesimama upande wa pili.

Ikageuka. Alikuwa punda.

Punda mmoja wa kijivu, walimpiga picha siku nyingine sijui wapi, amesimama katikati ya barabara amevaa kofia ya karani wa benki, anatafuna. Kwa hiyo mji mzima wa majambazi, na mimi na pini zangu, tulikuwa tumeganda kwa hofu ya huyo. Ukumbi ukapasuka. Likaja shati, likaja tumbo, likabingirika mpaka miguuni mwa punda, na punda akalinusa.

Nikaogopa kumtazama mwenzangu. Nilidhani wamemvunjia heshima, mzee wa watu, na suti yake. Nikasikia ananiinamia sikioni.

"Mama," akanong'ona. "Ule punda njo miye?"

"Ndiyo, Papa," nikasema. "Ni wewe."

Aliendelea kumtazama yule punda, masikio yake, mdomo unavyozunguka taratibu, jinsi alivyosimama pale na asimdhuru mtu yeyote. Nikahisi mkono wake unalegea ndani ya wangu, kidole kimoja kimoja, na mgongo ukaegemea kiti kwa mara ya kwanza tangu tuingie.

"Afazali," akasema. "Afazali punda."